Kimaori au Kirusi: ugumu uko wapi kwa anayeongea Kiswahili

Msomaji ameniuliza ipi nyepesi kati ya Kimaori cha New Zealand na Kirusi, na anataka jibu la neno moja. Silitoi, kwa sababu litampoteza. Kirusi hukutoza jasho mapema. Kimaori huanza kwa upole, kisha ugumu wake unakukuta umeshajiamini, na hapo ndipo wengi huachia njiani.

Tuanze na sauti. Kimaori kina herufi 15. Irabu ni zetu zilezile tano, na kila silabi huishia na irabu kama kwetu. Wh hutamkwa karibu na f. Ng ndiyo mtego: ni ya ng'ombe, si ya ngoma, kwa hiyo tangata (mtu) husomwa tang'ata. Mtego wa pili ni mkazo. Sisi tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini Kimaori huufuata urefu wa irabu: kōrero, yaani kuzungumza, hubeba mkazo kwenye kō. Kile kistari cha juu si pambo. Keke ni keki, kēkē ni kwapa. Matua ni mzazi, mātua ni wazazi. Kwenye simu bonyeza irabu uishikilie, kistari kitatokea. Kiandike tangu siku ya kwanza, maana neno ulilolizoea bila kistari ni kazi kulirekebisha baadaye.

Sarufi nayo mwanzoni inapendeza. Kitenzi hakinyambuliki kwa nafsi wala kwa wakati. Vijineno hutangulia: kei te kai au (ninakula), i kai au (nilikula), kua kai au (nimekula). Mtendaji huja nyuma ya kitenzi, na Mswahili asipojichunga atamtanguliza.

Kisha inakuja "sisi", nazo ni nne. Tāua ni mimi na wewe. Māua ni mimi na mwingine, wewe haumo. Tātou ni sisi sote pamoja nawe, kuanzia watu watatu. Mātou ni sisi bila wewe. Ukisema "kei te haere mātou" kwa mtu uliyetaka kumwalika, umemwambia sisi tunaenda, wewe baki.

Umilikaji unataka uvumilivu zaidi. Kwetu "wangu" au "yangu" huamuliwa na ngeli ya nomino. Kimaori hutazama uhusiano wako na kitu chenyewe. Mtoto, mume au mke, chakula na kitabu huchukua a: tāku tamaiti, mwanangu. Wazazi, nyumba, nguo, viungo vya mwili na chombo cha safari huchukua o: tōku whare, nyumba yangu. Maji ya kunywa na dawa nayo yamo kwenye o. Usikariri orodha; kila nomino iandike kwenye kadi pamoja na "yangu" yake.

Kauli ya kutendwa ndiyo inayomfichua mgeni. Sisi tuna -wa tu. Kwao kite (ona) huwa kitea, inu (nywa) huwa inumia, hopu (kamata) huwa hopukia, na hakuna kanuni ya kukutabiria mwisho upi. Hata kuamrisha hupitia humo: "Inumia te wai!", kunywa maji. Kamusi ya mtandaoni ya Te Aka, ambayo ni ya bure, huweka miisho hiyo kwenye mabano kando ya kitenzi. Kitenzi na mwisho wake vikaririwe pamoja.

Sasa Kirusi. Herufi 33 zisikutishe. Wiki mbili za kuandika kwa mkono zinatosha. Angalia zile zinazofanana na zetu kwa sura tu: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s. Shida ya kweli ni mkazo, ambao huhama na kwa kawaida hauandikwi. Múka ni mateso, muká ni unga. Tena o isiyo na mkazo hulegea kuwa a: moloko (maziwa) hutamkwa malakó. Usiandike neno daftarini bila alama ya mkazo.

Konsonanti zilizorundikana hutushawishi kupachika irabu. Vstrecha (mkutano) hutamkwa fstrecha. Ifanyie mazoezi kutoka nyuma: cha, recha, trecha, strecha, fstrecha. Njia hii inasaidia kuliko kuirudia nzima mara hamsini.

Halafu kuna hali sita za nomino, yaani mwisho wa neno hubadilika kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Neno letu "shuleni" linatosha kwa niko shuleni, naenda shuleni na natoka shuleni. Mrusi husema v shkole, v shkolu, iz shkoly. Inaniuma kuona mwanafunzi anapewa jedwali zima wiki ya kwanza. Anza na mahali ulipo, kisha mtendwa na uendako, kisha ile ya "ya" na "hakuna", ambayo ndiyo nzito kwa sababu huingia hadi kwenye kuhesabu: dva studenta, lakini pyat' studentov. Kila hali ipe wiki kadhaa za sentensi. Upatanisho wenyewe hautakushangaza, ngeli zimeshakuzoesha.

Vitenzi vyake jifunze viwiliviwili. Chital knigu ni alikuwa akisoma kitabu. Prochital knigu ni alikisoma akakimaliza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tazama unakokwenda. Kama ni chuo Urusi, kwa kawaida utapitia mwaka wa maandalizi, na kiwango cha kwanza cha TRKI, mtihani wa Kirusi kwa wageni, kinadai takriban maneno 2300. Anza na mkazo sasa, kabla hujapanda ndege. Kama ni Kimaori, ambacho ni lugha rasmi New Zealand tangu 1987, wazungumzaji wengi wako hukohuko, basi tafuta wa kuongea naye kabla ya kununua kitabu, na sikiliza Whakaata Māori, televisheni ya Kimaori, kila siku. Uliza pia anatoka upande gani: kusini utasikia k mahali pa ng, ndiyo maana ule mlima mrefu kuliko yote nchini humo huitwa Aoraki na si Aorangi. Zote mbili kwa mpigo mwaka wa kwanza, usijaribu.