Maswali na Majibu: Kiwakilishi cha Kiingereza na Maneno Yanayokifuata

Mwalimu wa sekondari wa Morogoro anauliza: Tulipokuwa tukimwandikia barua mkuu wa shule, mwenzangu aliandika "us teachers request a meeting", nami nikashikilia kwamba ni "we teachers". Ni nani aliye sahihi?

Katika sentensi hiyo wewe ndiye uliye sahihi, lakini haifuati kwamba "we teachers" itafaa kila mahali. Nomino inayofuata kiwakilishi, yaani "teachers", haibadilishi kazi ya kiwakilishi hicho katika sentensi. Kiwakilishi kikiwa kiima huwa "we", na kikiwa yambwa, au kikitanguliwa na kihusishi, huwa "us". Kwa hiyo "We teachers request a meeting" ni sahihi, na "The head has promised us teachers a meeting" nayo ni sahihi, sawa na "a problem for us teachers". Ukiwa na shaka, iondoe nomino kwa muda uone kinachobaki: hakuna mjuzi wa Kiingereza anayeandika "us request a meeting" wala "promised we a meeting".

Chanzo cha mkanganyiko huu kwa wazungumzaji wa Kiswahili kinaeleweka. Sisi husema "sisi walimu tunaomba" na "ametuahidi sisi walimu", na neno "sisi" halibadiliki hata kidogo, kwa sababu anayetenda na anayetendewa hutambulishwa na kiambishi kilichomo ndani ya kitenzi. Kitenzi cha Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo, na ndiyo maana umbo la kiwakilishi na mahali kilipowekwa hubeba mzigo wote. Utawasikia hata Waingereza wenyewe wakisema "us teachers need more time" katika mazungumzo ya kawaida, ila barua kwa mkuu wa shule si mahali pake.

Muundo huu una heshima ya muda mrefu. Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 inaanza kwa "We the People of the United States", na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 unaanza kwa "We the peoples of the United Nations". Neno "the" hapo huipa kauli uzito wa tamko rasmi, uzito ambao ombi lenu la kikao halihitaji. Zingatieni pia kwamba nafsi ya tatu haina ruhusa hiyo: "they teachers" haimo katika Kiingereza sanifu, na "them teachers" husikika katika lahaja tu. Katika maandishi rasmi andikeni "those teachers".

Karani wa ofisi moja mjini Mombasa anauliza: Niliandika tangazo juu ya mashine ya kunakilia: "Please switch off it after use." Msimamizi wangu akalifuta bila maelezo. Kosa langu ni lipi?

Kosa ni mahali pa "it". Neno "off" katika sentensi hiyo ni kielezi kinachoambatana na kitenzi "switch", na vielezi vya aina hii vina kanuni isiyopindishwa. Yambwa ikiwa nomino, una hiari: "switch off the machine" au "switch the machine off". Ikiwa kiwakilishi, hiari hiyo haipo tena, nacho hukaa katikati: "switch it off", "pick them up", "send it back", "throw it away". Mteja anayepewa fomu dirishani huambiwa "Fill in this form", na akishaipokea huambiwa "Fill it in and hand it in before noon". Sababu ni kwamba Kiingereza hupenda kuuacha mwisho wa sentensi kwa jambo jipya au lenye mkazo, ilhali "it" hutaja kitu ambacho msikilizaji amekwisha kukijua.

Usiipeleke kanuni hii kwenye vihusishi. "Look after it" na "wait for it" ni sahihi, kiwakilishi kikiwa mwisho, kwa kuwa "after" na "for" hapo si vielezi. Ili kuvitofautisha, jaribu kuipachika nomino katikati: "switch the machine off" inakubalika, lakini "look the child after" hakuna atakayeielewa.

Mwanafunzi wa chuo jijini Dodoma anauliza: Kwa nini "show me the procedure" inakubaliwa na "explain me the procedure" inakataliwa, wakati maana zake zinakaribiana?

Katika Kiswahili, kauli ya kutendea hutufungulia mlango mpana: niletee, nielezee, nipendekezee, nitangazie. Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hiyo, na kila kitenzi kina desturi yake. "Give", "send", "show", "tell" na "buy" hukubali kufuatwa na kiwakilishi kisha kirai nomino. "Explain", "describe", "suggest" na "announce" hazikubali, bali hudai "to": "explain the procedure to me". Maelezo yakiwa marefu, "to me" hutangulia, kama katika "Explain to me how the fees are calculated". Maana ya kitenzi pekee haitakuongoza hapa. Itakubidi ujifunze kila kitenzi pamoja na muundo wake.

Linganisha pia sentensi hizi mbili, ambazo kwa jicho zinatofautiana kidogo sana. "They made him a chair" maana yake ni kwamba walimtengenezea kiti. "They made him chairman" maana yake ni kwamba walimfanya mwenyekiti. Katika ya kwanza, "him" na "a chair" ni vitu viwili tofauti. Katika ya pili, "him" na "chairman" ni mtu yuleyule. Wanafunzi wengi hawaonyeshwi tofauti hii, nami naamini ingewapunguzia taabu nyingi katika kusoma.

Msomaji wa Nairobi anayefanya kazi na Wamarekani anauliza: Niliandika "you people" katika barua pepe, wenzangu wakakasirika. Je, ni kosa la sarufi?

Si kosa la sarufi hata kidogo. "You" hutumika kwa mtu mmoja na kwa wengi, kwa hiyo wazungumzaji huongeza neno baada yake ili wingi uonekane: Waingereza husema "you lot", watu wa kusini mwa Marekani husema "y'all", na "you guys" imeenea kila mahali. Hata hivyo, "you people" huko Marekani husikika kama kauli ya kumtenga msikilizaji, hasa anapokuwa mtu mweusi. Ross Perot, aliyewania urais mwaka 1992, alilaumiwa vikali kwa kuitumia mbele ya wanachama wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Andika "you all" au "all of you". Epuka pia "you there", ambayo ina ukali uleule wa "wewe hapo!" kwetu, ingawa "you there in Chicago", ndani ya sentensi ya kirafiki, haina ubaya wowote.

Mzazi wa Tanga anauliza: Mwanangu aliandika "new something" na mwalimu akamkosoa. Je, kivumishi cha Kiingereza hakitangulii?

Hutangulia nomino, lakini "something", "nobody", "anyone" na jamaa zake hufuatwa: "something new", "nobody important", "anyone else". Alama ya umilikaji nayo huhamia kwenye neno la mwisho, kwa hiyo kitabu cha mtu mwingine ni "someone else's book".