Njuka na skrini isiyokauka

Kila masika ni yale yale. Njuka kavaa suruali nyeupe aliyoiokota mtumba wa Karume, kandambili mguuni, kwapani skrini, ile fremu ya wavu ya kuprintia fulana, iliyotoboka kama chandarua cha bweni, na lawama tayari: "Emulsheni imeekspaya." Yaani ile dawa inayopakwa kwenye wavu, ikapigwa mwanga ikakomaa, na palipofunikwa na mchoro ikatoka ukiosha. Haijaekspaya, mdogo wangu. Haikukauka.

1. Kukauka. Hapa tutakaa, maana hakuna aliyepita chumba hiki bila kulipia kosa hili. Umepaka mara moja kila upande, fremu umeilaza, upande unaogusa fulana ukitazama chini, feni inazunguka. Baada ya saa moja unagusa: kavu. Kumbe ni ngozi ya juu tu. Dar ya Aprili hewa yenyewe imelowa, na feni ya chumba kilichofungwa inazungusha unyevu ule ule. Maji yaliyobaki ndani hayaiachi emulsheni ikomae ikipigwa mwanga. Ukiosha, inateleza kama bamia na pembe za mchoro zinakwenda na maji. Hapo kosa linazaa: unadhani mwanga ulikuwa mdogo, unaongeza dakika. Mwanga wa ziada unapenya chini ya kingo za filamu, ile karatasi angavu yenye mchoro, mistari myembamba inaziba, na bado kuna mahali panateleza. Unaongeza tena. Siku ya kuwasilisha kazi inafika, fremu tatu zimeharibika, kopo la wino halijafunguliwa.

Iache usiku kucha. Huna usiku? Sanduku la mbao na draya ya saluni, vuguvugu isiyozidi nyuzi 40, nawe ukae hapo hapo. Kisha gusa kwa mgongo wa kiganja skrini yako na nyingine iliyokauka tangu jana. Yenye ubaridi bado ina maji.

2. Jua la saa sita ni mwanga wa bure wa kuikomaza emulsheni. Funika skrini ya majaribio kwa kadibodi, uivute kadibodi hatua nne zenye muda sawa, uoshe, uchague muda uliofaa. Usiazime dakika za mwenzako. Wingu lake silo lako.

3. Fulana. Lebo za mtumba mara nyingi zimekatwa, kwa hiyo chomoa uzi wa pindo uuchome. Pamba huacha majivu na harufu ya karatasi iliyoungua, polista huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Fulana nyekundu ya polista ukiiprinti kwa wino mweupe na kuipiga pasi, rangi ya kitambaa hupanda kwenye wino na ule weupe ukawa waridi.

4. Skwiji, ule mpira wa kusukumia wino, uinamishe pembe ya nyuzi 75, mvuto mmoja, halafu funika tena matundu kwa wino kabla haujakaukia humo. Pasi bila mvuke, dakika 3 hadi 5, juu ya karatasi nyeupe. Si gazeti, jamani! Kuna fulana zinatembea na kichwa cha habari kifuani.

5. Hiyo suruali. Vaa viatu vilivyofunika vidole, koti la fundi, kanga kuukuu kiunoni ya kufutia mikono. Doa la wino wa maji hutoka likiwa bichi tu. Likishakauka, printi kitu juu yake useme ulikusudia. Nusu ya mitindo ya korido hii ilianza hivyo.