Eti gemu ya GTA 6 ishafika Mwanza? Maswali yenu ya kufunga mwaka 2025

SWALI: Mwangaluka kaka, mi nina kibanda cha gemu huku Igoma, PlayStation 3 (PS3) mbili na PS4 moja, madogo wamefunga shule kibanda kinajaa mpaka nje ila kila anayeingia anaulizia GTA 6. Kuna fundi mjini kasema anayo ataniwekea kwenye PS3 kwa elfu 30, nishamwachia elfu 10. Alafu nimejichanga laki 5 nataka niongeze mashine, sa sijui nipambane na PS5 au nichukue PS4 nyingine. Msomaji, Igoma

JIBU: Mwangaluka mdogo wangu. Kabla ya yote rudi kwa huyo fundi leo leo ukadai elfu 10 yako. GTA 6 haijatoka, si Igoma, si Dar, hata Marekani haipo. Rockstar wanaoitengeneza walisema itatoka 2025, mwezi wa 5 mwaka huohuo wakaisogeza mpaka 26 Mei 2026, Novemba 2025 wakaisogeza tena mpaka 19 Novemba 2026, na mashine walizotaja ni PS5 na Xbox Series X na S basi, PS4 haimo sembuse PS3. Atakachokuwekea ni San Andreas, ile GTA ya zamani ya 2004, wamebadilisha nguo na magari wakaandika 6 juu. Nimeziona nyingi na zinaniuma, maana dogo anatoa mia tano yake aliyopewa na mama, anakaa dakika mbili anajua kapigwa, na kesho hamwoni tena, kahamia kibanda cha jirani, na lawama zinabaki kwako sio kwa fundi.

Sasa mashine. Kwa laki 5 achana na PS5, Marekani tu kule Agosti 2025 ile yenye sehemu ya CD ilifika karibu dola 550, hapo haijapanda hata meli. Chukua PS4 iliyotumika ila ijaribu mwenyewe dukani, weka CD, cheza mechi nzima usikie feni, ikianza kunguruma kama boti ya Kirumba iache. Kilichobeba kibanda ni mpira, na FC 26, gemu ya mpira iliyorithi FIFA, iliyotoka 26 Septemba 2025, ipo ya PS4. Huko kwenye PS3 FIFA ya mwisho ni 19, Ronaldo bado yuko Juventus, hata wakikuwekea vikosi vipya ni viraka tu, kwahiyo hizo PS3 waachie wadogo kwa bei ya chini.

PS5 jichangie taratibu mpaka Novemba hiyo ya GTA 6. Siku ukinunua usije ukachukua ile isiyo na sehemu ya CD, maana CD zako za PS4 zinacheza kwenye PS5 na hapo hazitakuwa na pa kuingia. Na pedi za kuchezea uziwekee bajeti yake, zile za PS4 ukichomeka kwenye PS5 zinacheza gemu za PS4 tu, gemu ya PS5 yenyewe zinagoma, na kibanda chenye pedi moja watu wanaondoka.

SWALI: Kaka habari, gemu ya mwaka imekuwa ipi na laptop yangu ya chuo itaiweza? Haina nguvu sana. Dada wa Nyegezi

JIBU: Nzuri dada. Imechukua Clair Obscur: Expedition 33, ya Sandfall wa Montpellier Ufaransa, kampuni changa, gemu yao ya kwanza na wamebeba tuzo 9 usiku mmoja kwenye The Game Awards 2025, nimefurahi sana. Ila laptop yako haitaiweza. We chukua Hollow Knight: Silksong, jamaa wa Adelaide Australia waliitangaza 2019 watu wakasubiri mpaka 4 Septemba 2025, dola 20 tu, michoro ya kuchorwa kwa mkono haihitaji mashine kubwa. Ni ngumu kwelikweli, azima pedi, kibodi itakuumiza vidole.