Geji ya oili ikisoma sifuri, usikimbilie kubadili sensa

"Fundi, hiyo geji ni mbovu tu. Nifungie sensa mpya niondoke." Ukifanya kazi gereji ya malori, maneno hayo utayazoea. Dereva ana mzigo, tajiri anapiga simu, na mshale wa presha ya oili umelala. Nyie mnaoanza kushika spana nawaomba jambo moja: msiseme geji ni mbovu mpaka geji nyingine imeikana. Kabla ya hapo, injini inazimwa. Sensa, inayopima presha kwenye injini na kuipelekea geji, ni kifaa cha kununua dukani ukafunga mchana huohuo, lakini kranki shafti ikikosa oili hula beringi kwa muda mfupi sana, na hapo mnaongelea ovahoo, yaani kufumua injini nzima.

Anzia kwenye stiki ya kupimia oili. Lori lisimame mahali tambarare, injini izimwe dakika kama 10 oili irudi chini kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ukivuta stiki usiishie kutazama alama. Chukua tone, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha linuse. Oili iliyoingiliwa na dizeli huwa nyepesi, harufu yake haijifichi, na mara nyingi kipimo kimepita alama ya juu huku dereva anaapa hajaongeza kitu. Hapo geji inasema kweli, presha imeshuka. Tafuta nozeli inayovuja au oili sili ya pampu ya dizeli. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na kazi yako si geji tena.

Oili ikiwa salama, muulize dereva mshale ulianza vipi kushuka. Swali hili nalithamini sana, kwa sababu yeye alikuwa akiutazama njia nzima. Mshale unaoanguka ghafla, ukarudi, ukaanguka tena gari likipita kwenye mashimo, hunipeleka kwenye waya. Unaoshuka polepole kadiri injini inavyopata moto, ukalala kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na kupanda akikanyaga, hunitia hofu: ndivyo zinavyofanya beringi zilizolika au pampu ya oili iliyochoka. Geji ya joto na ya dizeli zikicheza pamoja nayo, angalia athi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi ya gari) na umeme unaoingia deshibodi, sensa iache kwanza.

Itazame na taa nyekundu ya oili. Ukifungua swichi ya ufunguo bila kupiga stata lazima iwake, na injini ikiwaka izimike. Ila kuzimika kwake kusikupe usingizi. Swichi ya taa hiyo kwa kawaida huachia presha ikiwa bado chini ya bar 1 (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo taa inaweza kuwa imezima na oili isitoshe kwa injini iliyobeba mzigo mlimani.

Sasa waya wa sensa. Hapa ndipo wengi wanapotea, maana wameambiwa tu "gusisha waya kwenye bodi uone mshale", bila kuambiwa uende upande gani. Geji hazifanani. Sensa nyingi za mtindo wa Ulaya, kama za VDO, zina omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 10 presha ikiwa sifuri na hufika 180 ikiwa juu. Za mtindo wa Marekani zimegeuzwa: omu 240 kwenye sifuri, 33 juu. Kwa hiyo swichi ya ufunguo ikiwa imefunguliwa, ukichomoa waya geji ya Ulaya hupanda hadi mwisho, ya Marekani hulala sifuri. Ukiugusisha athi kidogo, kila moja hufanya kinyume. Mshale ukitii pande zote mbili, geji na waya ni wazima, na lawama inabaki kwa sensa au kwa presha yenyewe. Usipotikisika, fuata waya na fyuzi. Na ukichomoa soketi ukakuta pini zimelowa oili kutoka ndani, sensa hiyo imepasuka.

Sensa ya nyaya tatu usiigusishe athi hata kidogo. Hiyo inalishwa volti 5 na kompyuta ya injini. Pima kwa mita na ufuate kitabu cha gari.

Shahidi wa mwisho ni geji ya mkono, ile ya mpira mrefu. Fungua sensa, funga geji hiyo palepale, ukilinganisha nyuzi za skrubu kwanza kwa mkono. Ukilazimisha kwa spana unaharibu bloku. Washa injini. Mshale usiponyanyuka ndani ya sekunde 15, zima. Ukinyanyuka, acha injini ipate moto ndipo usome, kwa sababu oili baridi ni nzito na huficha ugonjwa. Kwa injini za Cummins za mfululizo wa B, kiwango cha chini kabisa ni psi (kipimo kingine cha presha) 10 kwenye silensa na 30 injini ikiwa kwenye mzunguko wa kazi. Injini nyingine ina namba zake kitabuni.

Ikithibitika ni sensa, mpya usiizungushie tepu nyeupe ya mabomba. Sensa ya waya mmoja hupata athi kupitia nyuzi zake, tepu huikata, na vipande vyake vinaweza kuingia kwenye njia ya oili. Halafu andika kwenye kadi ya kazi vipimo vya geji ya mkono, cha silensa na cha kukanyaga. Lori likirudi na malalamiko yaleyale, fundi atakayelipokea ataanzia hapo.