Ile video ya damu ya Yesu, tafadhali usiipeleke kwa vijana

Swali: Jambo mwalimu. Niko Goma, Himbi, naongoza vijana kanisani na Pasaka iko karibu. Rafiki yangu wa iniversite anasema ufufuko hauna ushahidi wowote wa istoria. Ndugu mmoja akanitumia video eti damu ya Yesu ilipatikana Yerusalemu, wakapima, wakakuta kromozomu 24 tu (zile nyuzi za urithi ndani ya chembe za mwili), eti kwa sababu hakuwa na baba mtu. Nimujibu na hiyo?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Hiyo video naletewa kila Pasaka hapa Bukavu, leo mwanafunzi kesho papa pasta mwenyewe, na kila mara roho inaniuma. Aliyesema hayo ni Ron Wyatt, Mmarekani, kazi yake kuchoma watu dawa ya usingizi hospitalini, alikufa 1999 na hakuonyesha hata karatasi moja ya laboratware, aliyepima hajulikani. Mtu wa kromozomu 24 haishi, sisi tuko na 46, na si tunaungama kwamba Yesu alikuwa mtu kamili? Ile sanda ya Turin nayo, kitambaa kinachosemwa kilimfunika Yesu kaburini, laboratware tatu ziliipima 1988, zikapata kati ya 1260 na 1390. Watu wanabishana mpaka leo, basi usijenge juu yake.

Kinachonichosha ni watu kufikiri ushahidi wa istoria lazima ushikwe mukononi, tone la damu ama kitambaa. Istoria inauliza nani alisema, lini, na nani angemukatalia. Paulo anaandikia Wakorinto karibu mwaka 54, miaka 20 na kitu tu baada ya musalaba, na anasema haya nami niliyapokea, halafu anataja waliomuona Yesu baada ya kufufuka: Kefa, yaani Petro, wale 12, ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao wangali hai, na Yakobo ndugu ya Yesu. Na Wagalatia 1 inasema alikaa kwa Kefa siku 15 akamuona na Yakobo, kwa hiyo hakusikia njiani. Ile lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 iliingia town Goma mpaka ziwani, jaribu leo kuandika kwamba haikufika, si mama zetu wa Goma watakukatalia? Ni kweli Korinto iko mbali na Yerusalemu, lakini kule Korinto kulikuwa hata kundi la kusema sisi ni wa Kefa, jina lake hungelichezea bure.

Na usimwambie rafiki yako eti Tacitus, mwandishi wa istoria wa Roma, alishuhudia ufufuko. Aliandika karibu 116 kwamba Kristo aliuawa chini ya Pilato, basi. Josephus, mwandishi wa istoria Myahudi, anamutaja Yakobo ndugu ya Yesu, lakini ile sehemu yake inayosema Yesu alifufuka, Wakristo walioinakili waliigusa, wakaongeza maneno yao. Istoria inatufikisha kwa watu waliosema mapema sana kwamba wamemuona. Kwamba ni Mungu alimufufua, hapo unaamini, na mimi naamini kwa roho yangu yote.

Njo maana wale wa kupita makanisani na ushahidi wa haraka wananikasirisha, leo damu, kesho barua ya Pilato, kesho kutwa udongo wa kaburi na bei yake. Nilikuwa na mwanafunzi aliyepewa ile video akiwa na miaka 15, akaishikilia kama injili. Alipofika iniversite wakamuonyesha ni uongo kwa dakika kumi, akaona basi na Paulo ni mwongo, mpaka leo hajarudi.