Baridi ya Kabale na ukuta niliojenga mahali pabaya

Tulipohama Busia kuja Kabale, milimani kusini magharibi mwa Uganda, nilibeba machipukizi matano ya migomba, miche mitatu ya mipapai kwenye makopo ya rangi, na bogenvilia niliyokata kwa mama yangu. Nilipanda vyote mwezi wa nne, mvua ikinyesha, na vyote vikashika. Nikaona nimewini. Kufika katikati ya mwezi wa saba mipapai ilikuwa imeoza shingo, migomba imesimama bila kutoa jani jipya, na bogenvilia imebaki vijiti. Nililia kwa ajili ya ile bogenvilia, sioni haya kusema.

Ninayoandika hapa ni kwa ajili yenu mnaohamia Kabale, Kisoro au Rubanda kutoka nchi za chini, kwa kazi, ndoa au biashara ya mpakani Katuna, mkitaka ua wenye kijani kama ule mliouacha nyumbani.

Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kampala karibu 1,200. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo tofauti unaisikia mwilini usiku wa kwanza tu. Miezi mibaya ni wa sita, wa saba na wa nane. Mvua imekata, usiku mawingu yameondoka, na joto lote ambalo ardhi imelikusanya mchana linapaa na kupotea. Theluji ya Uganda iko Rwenzori, lakini mmea wa nchi za chini hauhitaji theluji ili ufe. Mgomba huacha kukua joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi, na hapa kuna usiku mwingi unaoshuka mpaka 10 na chini yake.

Kosa langu kubwa lilikuwa ukuta. Kiwanja chetu kimekaa kwenye mteremko. Fundi alijenga ukuta wa matofali upande wa bondeni, mrefu kunizidi, usio na tundu hata moja, nami nikaupenda. Nikapanda vitu vyangu vyote vya thamani karibu nao nikidhani vitapata hifadhi. Jirani yangu, mwanamke mzee ambaye mtaa mzima unamwita Kaaka, maana yake bibi, alikuja kutusalimia akaangalia mipapai iliyooza, kisha akauangalia ukuta. Akasema, "Mwanangu, umeifungia baridi ndani. Baridi inatembea kama maji."

Sikumwelewa mpaka jioni moja nilipowasha majani mabichi upande wa mlimani. Moshi haukupaa. Ulilala chini, ukateremka polepole katikati ya ua, ukafika kwenye ukuta ukatulia pale pale, juu ya migomba yangu. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku inatiririka kufuata mteremko kuelekea bondeni, na ukiiwekea kizuizi inajaa nyuma yake kama maji nyuma ya bwawa. Nami mimea yangu laini nilikuwa nimeipanda ndani ya bwawa lenyewe.

Tulitoboa mstari wa chini wa matofali, tundu moja kila baada ya hatua mbili, tukaweka waya wa kuku ili vifaranga visitoroke. Matundu hayo hayo yanapitisha maji mvua zinaporudi mwezi wa tisa, jambo ambalo peke yake lingetosha kuyatoboa. Upande wa mlimani tukapanda uzio wa miti ya kaliandra, ile ambayo wakulima wa huku Kigezi hupanda kwenye kingo za matuta kuzuia udongo usishuke. Ikishakua na kufungamana inageuza njia ya hewa baridi ipite pembeni, na upepo inaufyonza taratibu badala ya kuurusha juu na kuuangusha kwa kishindo kama ukuta unavyofanya. Kabla hujampa fundi hata shilingi moja, washa moshi jioni isiyo na upepo, utazame unakokwenda. Ukiona pahali unapotuama, usipande hapo kitu kinachoogopa baridi.

La pili ni matandazo, nayo yawekwe mwishoni mwa mwezi wa tano, udongo ukiwa bado na maji. Ukingoja mpaka uone vumbi umechelewa. Mimi natumia majani makavu ya migomba ninayopewa na watu, na maganda ya maharagwe yanapovunwa. Mabua ya mtama ni mazuri mno, ila hapa mtama huvunwa mwezi wa saba na wa nane, kwa hiyo hayo nayahifadhi kwa mwaka unaofuata. Tandaza unene wa kiganja, lakini acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Mwaka mmoja niliyasukuma mpaka shingoni mwa mparachichi mchanga nikidhani naufunika blanketi, ukaoza gome.

Maji mwagia asubuhi, jua likishapasha udongo, saa tatu au saa nne. Ukimwagia jioni majani yanalala yamelowa na kuvu hufurahi. Tena mmea ukinyauka asubuhi huku udongo ni mbichi, usikimbilie jerikani. Mizizi iliyo kwenye udongo baridi inavuta maji polepole, na jua la Kabale ni kali likikupata bila ukungu. Uwekee kivuli, subiri muda wa saa mbili, mara nyingi utaona umeinuka wenyewe.

Miche midogo naifunika usiku. Natoka kama saa mbili, natazama juu. Kukiwa na mawingu naenda kulala. Nikiona nyota zimejaa, natoa magunia na leso kuukuu. Chomeka vijiti vinne ili kitambaa kisiguse majani, na ukishushe mpaka chini, maana joto unalolihifadhi linatoka ardhini. Ukifunika kichwa tu kama kofia umefanya kazi bure. Karatasi ya plastiki siipendi. Ikigusa jani linaungua, na ukiisahau asubuhi jua linapika kila kilichomo. Ondoa yote kabla ya saa tatu.

Usipogoe mwezi wa sita. Usitie mbolea ya chumvi mwezi wa tano. Vyote viwili vinaita machipukizi laini, na baridi huanza na machipukizi. Nyasi za paspalamu nazo ziache ndefu, urefu wa kidole, zifunike udongo. Ukizinyoa mpaka chini wakati huu, mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa itapeleka udongo wako bondeni kwa jirani.

Mipapai nimeacha kuihangaikia. Badala yake nina maua ya haidrenjia na ya kala yanayostawi bila kubembelezwa, na matunda damu kandokando ya jiko, pahali ukuta unaotunza joto la moto unapoyasaidia. Na nina miti miwili ya tofaa ya aina ya Anna, iliyozalishwa Israel na isiyodai baridi nyingi. Huo ndio mti pekee uani ambao baridi hii inaufaa. Ila hapa haipukutishi majani yenyewe kama Ulaya, kwa hiyo unayanyofoa kwa mkono, jani kwa jani, ndipo mti utoe maua. Mara ya kwanza nilidhani Kaaka, aliyenifundisha hivyo, amekosea. Nilisimama na kikapu, nikavua mti mzima uliokuwa na afya, moyo ukinidunda. Baada ya wiki chache ulikuwa mweupe kwa maua.