Usiulize babu alikuwa nani, uliza alishika nini mkononi

Kwenye kasha la bibi mzaa baba kulikuwa na jiwe la manjano, ukubwa wa yai la kuku. Tulikatazwa kulichezea, na kwa kuwa tulikatazwa, tulilichezea. Ukiliinua kwenye mwanga wa dirisha unamwona sisimizi ndani yake, mzima na miguu yake yote, kama aliyesimama kupumzika. Nilidhani ni dawa. Bibi alifariki nikiwa mtu mzima kabisa, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja lile ni nini. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ni sandarusi, utomvu wa mti uliogeuka kama jiwe. Baba yake babu yangu alikuwa mchimba sandarusi huko Kisarawe, na mimi nilikuja kulijua hilo nikiwa na miaka 38.

Nilichelewa kwa sababu swali langu lilikuwa baya. Kwa miaka mingi nilikuwa nakwenda kwa wazee na daftari, nauliza, "Babu alikuwa nani?" Nikapewa majina: fulani bin fulani, ukoo umetoka kule, ukahamia huku. Nimeyaandika yote na ninayathamini. Lakini majina hayakunionyesha mtu. Sikujua aliamka saa ngapi, alichoka vipi, kodi aliilipa kwa fedha iliyotoka wapi.

Siku moja nikamuuliza shangazi yangu, dada yake baba, tukiwa tumekaa mkekani tunachambua mchele: "Shangazi, baba yake babu akitoka asubuhi, mkononi alishika nini?"

Akanyamaza kidogo. Kisha mikono yake ikaanza kueleza kabla ya mdomo. "Kijembe, mama. Kijembe cha mpini mfupi, na kapu. Mimi nimemkuta mzee, lakini alikuwa bado anakwenda." Akapiga magoti palepale, akaonyesha: anachimba shimo, anafika kwenye mchanga mwekundu, anaweka jembe pembeni, anaingiza mkono mpaka kwapani na kupapasa kwa vidole. Ukilipiga jiwe la sandarusi na jembe linapasuka, na likipasuka bei imeshuka.

Kwa swali hilo moja nilipata vitu zaidi ya vile nilivyopata kwa miaka yote ya daftari. Basi ushauri wangu wa kwanza ndio huo. Uliza kuhusu mikono. Uliza zana zilikaa wapi ndani ya nyumba, nguo zilinuka nini jioni, nani alikuja kununua. Mzee aliyesahau mwaka hasahau namna jembe lilivyoshikwa.

Wengi hatuijui kazi yenyewe, kwa hiyo nitaieleza. Sandarusi ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, uliodondoka zamani sana ukafukiwa ardhini na kugeuka kama jiwe. Ile ya thamani haikuwa ya kwenye mti. Ilikuwa ile ya chini, mara nyingi mahali ambapo miti yenyewe haipo tena, kwa hiyo mchimbaji alipaswa kuisoma ardhi bila alama juu yake. Ilichimbwa katika ukanda wa pwani yetu, Saadani mpaka Kilwa, ikapelekwa Unguja na kuoshwa kwa magadi. Ikishaoshwa, ngozi yake inabaki na vipele vidogo vidogo kama kuku aliyenyonyolewa manyoya, na hivyo ndivyo wanunuzi walivyoitambua iliyokomaa. Kutoka hapo ilipanda meli kwenda Salem kule Marekani na Hamburg kule Ujerumani, ikapikwa kuwa vanishi ya magari ya farasi na samani za matajiri.

Shangazi alitumia neno ambalo sikulijua: chakazi. Sandarusi changa, isiyokomaa, ile ya mtini au ya juu juu ya ardhi. "Chakazi wanakupunja," alisema, kwa uchungu wa mtu aliyepunjwa yeye mwenyewe. Nililiandika bila kulielewa. Baadaye nikakuta kwamba wafanyabiashara Waingereza wa karne ya 19 walilisikia neno hilo vibaya, wakaiita bidhaa hiyo jackass copal, yaani sandarusi ya punda. Neno la watu wetu lilifika mpaka kwenye masoko ya Ulaya likiwa limevaa sura ya mnyama, na shangazi yangu analo bado, safi, kinywani mwake.

Kwa hiyo mzee akitamka neno usilolijua, usimkatize, wala usijifanye umelielewa. Liandike kama lilivyosemwa, kisha urudi kwalo akishamaliza. Mama mkwe wangu ni mtu wa Kilwa, na kwao wana neno "deheni", mchanganyiko wa mafuta na chokaa wanaopaka chini ya chombo. Kwa kulifuata neno hilo tu tukafika kwa babu yake aliyekuwa kalafati: kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za majahazi kwa pamba, ubao kwa ubao, kabla vyombo havijarudi majini. Familia nzima walikuwa wanasema tu kwamba "alikuwa mtu wa bahari".

Sasa nieleze pale nilipokosea, maana ndipo ninapotaka uwe mwangalifu kuliko mimi.

Upande wa mama asili yetu ni Kigoma, lakini mama alizaliwa Korogwe. Nilijua babu alifuata "kazi ya mkonge", basi. Kwenye shughuli moja ya familia, mbele ya wakwe na watoto, nikamuuliza mjomba kwa sauti: "Mjomba, eti babu alikuwa manamba?" Uso wake ulibadilika. Akaomba maji, akainuka, na siku ile hakurudi tena kwenye mazungumzo.

Mimi nililichukua neno hilo kama la historia. Kwake lilikuwa tusi alilotupiwa utotoni. Manamba ni watu walioitwa kwa namba zao badala ya majina. Waliletwa kwa mkataba kutoka mbali, Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi, Msumbiji, kuja kukata mkonge wa Tanga. Kila mmoja alikuwa na kipande, karatasi ya kuwekewa alama kwa kila siku ya kazi, na mshahara hautoki mpaka zitimie siku 30 zilizofanyiwa kazi. Siku ya homa haihesabiwi.

Nilirudi kwa mjomba baada ya miezi, peke yangu, nikamwomba radhi kabla ya kumuuliza chochote. Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba babu alikuwa na kovu kwenye jicho la kushoto, la mwiba wa mkonge, na kwamba akitoka shambani walikuwa hawaruhusiwi kumkumbatia mpaka aoge, kwa sababu maji ya mkonge yanawasha. Aliweza kusikia mlio wa korona, mashine ya kusaga majani, akajua tu kwamba imekwama. Mjomba alilia aliposema hivyo, nami pia.

Kazi nyingi za wazee wetu zilikuwa na unyonge ndani yake: mpagazi, kuli, manamba, yaya, mtumwa. Usiulize mbele za watu. Nenda peke yako, nenda zaidi ya mara moja, na uwe tayari kurudi bila jibu. Kwenye mnara wa askari pale katikati ya Dar es Salaam, uliowekwa mwaka 1927, wapagazi wa vita ya kwanza wanatajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Nimewahi kumsomea mzee mmoja wa mtaani kwetu maneno hayo, ambaye baba yake alibeba mizigo vita ile, akaniomba niyarudie.

Kuhusu nyaraka nitasema machache. Zinasaidia, na kule Zanzibar na Dar es Salaam kuna za kutosha kukushughulisha mwaka mzima. Ila usiende kutafuta jina la babu yako. Sandarusi iliandikwa kwa frasila, kipimo cha uzito cha zamani, aliyeichimba hakuandikwa. Nenda ukatafute kazi yake: bei, bandari, mwaka soko lilipopanda au kuanguka. Ukishajua hayo, rudi kwa wazee. Nilipomwambia shangazi kwamba meli zilizochukua sandarusi ndizo zilizoleta kitambaa cha marekani, alishtuka: "Ndiyo maana sanda yake ilikuwa ya marekani! Alikuwa amejiwekea."

Na zana, tafadhali, zisitupwe. Kijembe cha mzee yule kiliuzwa chuma chakavu tulipobomoa nyumba ya zamani, pamoja na sufuria mbovu. Jiwe lenye sisimizi limebaki kwa sababu tu lilikuwa kashani.

Jumamosi ninakwenda tena Kisarawe. Shangazi anasema mashimo mawili matatu bado yapo, nyuma ya mikorosho, yamejaa majani, na anayeweza kuyaonyesha ni mzee mmoja ambaye sasa anatembea kwa fimbo. Nimemwomba mtoto wa jirani atuchukue kwa bajaji mpaka mwisho wa njia.